Mabanzi, Gololi na Mdako: Michezo ya Mtoto Aliyeanza Shule

Kati ya miaka 6 na 9 mchezo wa mtoto hubadilika sura. Wa miaka minne huvuta kigari chake kivyake hata akiwa katikati ya wenzake. Aliyefika darasa la kwanza au la pili huwatafuta wenzake, na anataka kujua nani kashinda na kwa kanuni ipi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alilieleza jambo hili katika kitabu cha mwaka 1932 baada ya kuwachunguza watoto wakicheza gololi. Wadogo walirusha kila mmoja apendavyo, na wote wakajiona washindi. Kuanzia miaka 7 au 8 walishindana kwa kanuni moja, ingawa kila mmoja akiulizwa kando aliieleza tofauti. Ndiyo maana kelele za "umetoka!" na "sijatoka!" ni sehemu ya mchezo wenyewe. Mtu mzima anayekimbilia kuamua huwanyima watoto kazi yao. Asubiri mpaka ngumi zikaribie.

Mgololo, wilayani Mufindi, haina uhaba wa vifaa. Pana misindano na milingoti, kiwanda cha karatasi, stesheni ya TAZARA na malori ya magogo. Mtoto huunda anachokiona, na kwa banzi moja, vizibo vya soda na kipande cha waya anapata lori lenye tela. Kifaa kizuri ni kile kinachokubali kugeuzwa: vipande vilevile leo ni lori, kesho nyumba, keshokutwa stesheni. Gari la betri lina kazi moja, na betri zikiisha nalo limekwisha. Mzazi mwenye fedha kidogo atafanya vyema kununua msasa, kamba ya kuruka na mpira, kisha mabaki ya mbao ayaombe kwa fundi seremala.

Mbao zenyewe zichaguliwe. Mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa, ambazo mara nyingi huwa na rangi ya kijanikijani, yasiguswe kabisa na watoto wala kuchomwa jikoni, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuwa na aseniki. Banzi safi lipigwe msasa mpaka vibanzi viishe.

Msimu wa mvua, na baridi ya Juni na Julai, huwarudisha watoto ndani. Hapo mdako una thamani kubwa: jiwe moja likiwa hewani, mkono uchote shimoni, kisha urudishe yanayozidi na kubakiza moja, baadaye mawili, baadaye matatu. Mikono inajifunza wepesi na kichwa kinajifunza kutoa. Bao la kujifunza lina mashimo 32, kila shimo kete 2, jumla 64. Mtoto anayetaka kula kete za mwenzake huhesabu mbele bila kuambiwa.

Gololi, kete na vizibo viwekwe mbali na mdogo wake asiyefikisha miaka 3. Chochote kinachopenya kwenye bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumpalia. Betri ndogo za duara ni hatari zaidi, maana ikimezwa moja huunguza koo ndani ya saa chache; mtoto apelekwe hospitali papo hapo.

Kinachokosekana zaidi ni muda, hasa kwa wasichana, ambao wakitoka shule hukutana na ndoo, vyombo na mtoto wa kubeba. Kazi hizo zikigawanywa sawa na kaka zao, rede na kuruka kamba hupata nafasi kabla giza halijaingia. Uwanja uwe mbali na barabara ya malori na reli.