Sindano ya Ganzi kwa Daktari wa Meno

Leo tutasoma habari za dawa anayochomwa mtu katika ufizi kabla ya kung'olewa jino. Dawa hiyo huitwa ganzi. Haimlazi mtu usingizi. Huizuia tu mishipa ya fahamu isipeleke habari ya maumivu kwenye ubongo.

Wengi hudhani ganzi ni ya namna moja. Sivyo. Itumikayo sana ni lidokaini, iliyotengenezwa kwanza nchini Uswidi mwaka 1943. Ikiwa peke yake, nguvu yake ndani ya jino huisha upesi, pengine dakika 10 tu. Kwa hiyo mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo. Adrenalini huibana mishipa ya damu, ili damu isiichukue dawa mapema. Hapo jino hufa ganzi kwa muda wa saa moja hivi, na damu itokayo hupungua.

Lakini adrenalini hiyo hiyo yaweza kuufanya moyo upige mbio. Mgonjwa wa moyo au wa presha, daktari atampunguzia, au atachagua mepivakaini, ambayo hufaa bila adrenalini, ingawa haidumu sana. Atajuaje? Kwa kuambiwa. Basi kabla ya sindano mtajie maradhi yako, dawa unazomeza, hata za mitishamba, na kama una mimba. Mama mjamzito asiogope. Lidokaini yaweza kutumika kwake. Wako wazee waonao haya kumtajia daktari kijana maradhi yao. Haya ya namna hiyo ina hatari.

Tena, utamsikia mtu akilalamika, "Alinichoma maji matupu!" Mara nyingi mtu huyo alichelewa, ufizi umekwisha kutunga usaha. Penye usaha pana ukali kama wa ndimu, nao huidhoofisha ganzi. Daktari atachoma mbali na uvimbe, au atautoa usaha kwanza. Ni heri kwenda jino linapoanza kuuma.

Ukirudi nyumbani, usile mpaka mdomo uamke. Hubaki mzito saa 3 hadi 5. (Mimi nilijimwagia chai shati zima.) Watoto wachungwe sana, maana hujitafuna midomo bila kujua, wakaja kulia usiku.

Sasa mwalimu aandike ubaoni: ganzi, ufizi, usaha.