Ethiopia Niliyoionja Debark

Ethiopia ina eneo la kilomita za mraba milioni 1.1 hivi na watu zaidi ya milioni 100. Haina bahari. Mji mkuu, Addis Ababa, uliasisiwa mwaka 1886. Mwaka wao una miezi 13. Wanauza kahawa nje, na nafaka yao ni tefu, ambayo unga wake huchachushwa ukapikwa injera. Nilinakili na takwimu nyingine, lakini daftari liliingia pombe, wala sikusikitika sana.

Debark nilifika Januari 2019, kama kilomita 100 kaskazini mwa Gondar. Mji uko karibu mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Singida tunaojisifia baridi ya Julai tuko mita 1,500 tu. Mwinuko wa kwanza nilitweta kama kuku aliyekimbizwa na wageni. Watalii hulala hapo usiku mmoja, wakalipia kibali ofisi ya hifadhi, wakapewa askari mwenye bunduki, wakapanda milima ya Simien, iliyo urithi wa dunia tangu 1978. Kuna kilele cha Ras Dejen, zaidi ya mita 4,500, na nyani wala majani wenye kidari chekundu. Niliwaona. Ni nyani.

Mjini unazunguka mwenyewe. Wazee wamejitanda shuka nzito nyeupe, punda wanashusha mizigo, kanisani watu wanabusu mlango kabla ya kuingia. Hata saa haikunipa taabu: Waethiopia wanahesabu kama sisi, jua likichomoza ni saa kumi na mbili. Ukiambiwa saa nne ni saa nne. Wazungu ndio waliokuwa wakikosa gari.

Kisha nikaona nyumba ya teji, na ziara yangu ikaishia pale kwa siku tatu.

Teji ni pombe ya asali. Asali huchanganywa na maji, ikaachwa ianze kuchacha, ikatiwa gesho, mti wa kienyeji ambao majani na vijiti vyake huleta uchungu kidogo, ikakaa tena, ikachujwa. Hunywewa kwenye berele, chupa ya kioo yenye tumbo la duara na shingo nyembamba. Unaishika shingoni kwa gumba na vidole viwili, unaiinua usawa wa dirisha, rangi inawaka kama mafuta ya alizeti mapya. Zamani kilikuwa kinywaji cha wafalme na wakubwa. Mkulima alikunywa pombe ya shayiri. Ethiopia inaongoza Afrika kwa asali, na sehemu kubwa huishia humo.

Na wa pili Afrika ni nani? Ni sisi Watanzania. Manyoni na Itigi mizinga inaning'inia porini, na wanzuki, pombe yetu ya asali, tunaujua tangu mababu. Lakini wanzuki wetu unanywewa kwenye kopo la plastiki, nyuma ya nyumba, na akipita mwalimu kopo linafichwa chini ya benchi. Akija mgeni wa heshima tunampa soda. Nani alituambia cha kwetu ni cha kujificha nacho? Debark nilimkuta padri na mwenye duka wameketi benchi moja, kila mmoja na berele yake, adhuhuri, mlango wazi.

Siku ya mwisho nilimpelekea mama mwenye nyumba zawadi, asali ya Itigi niliyonunua barabarani. Alichovya kidole, akafumba macho, akamwita binti yake naye aonje. Wakasemezana kwa Kiamhara, wakacheka kwa furaha. Halafu akaigeuza ile chupa, akatazama karatasi iliyobandikwa, akanitazama mimi. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa, nusu lita, kizibo chake cha buluu kimefungwa kwa kipande cha mfuko wa rambo.

Akaenda kabatini, akaleta berele safi, akamimina asali yote taratibu mpaka tone la mwisho. Ile chupa akanirudishia.