Je, Wajua? Mwalimu Huuliza Analolijua

Je, wajua kwamba mazungumzo mengi ya darasani yana hatua tatu tu? Mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatoa hukumu: "Good." John Sinclair na Malcolm Coulthard wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliuanika mpangilio huo mwaka 1975, baada ya kurekodi vipindi shuleni Uingereza.

Wajua kwamba hatua ya tatu ndiyo inayolifichua darasa? Muulize mtu stendi ni saa ngapi. Akikujibu saa nne na nusu, utasema ahsante. Thubutu umwambie "Vizuri sana, kaa chini"!

Wajua kwamba mwaka 1983 Michael Long na Charlene Sato walilinganisha maswali ya walimu wa Kiingereza nchini Marekani na maongezi ya kawaida kati ya wenyeji na wageni? Darasani, maswali ambayo muulizaji jibu analo yaliyazidi kwa mbali maswali ya kutaka kujua kweli. Nje ya darasa, yale ya kwanza yalikuwa karibu hayapo. Basi tusishangae kijana aliyejibu "This is a pen" miaka yote akikwama kuuliza nauli.

Wajua kwamba walimu wengi huuliza wakiwa mbioni? Mmarekani Mary Budd Rowe, akichunguza vipindi vya sayansi, alikuta mwalimu akisubiri jibu kwa takriban sekunde 1, kisha anadakia. Walimu waliposubiri sekunde 3, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, na wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe.

Wajua kibwagizo cha madarasa yetu? "Plants make their own…?" Mwalimu anapandisha sauti, darasa zima linamalizia: "Foood!" "Are we together?" "Yeees!" Mtafiti Keith Chick aliusikia mtindo huohuo kwenye somo la hisabati KwaZulu, Afrika Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi. Maelezo yake yanauma kidogo: kiitikio huwasitiri wote. Asiyeelewa hajulikani, na mwalimu ambaye naye Kiingereza kinampa tabu haaibiki. Kipindi kinakwisha salama, ila haijulikani nani amejifunza nini.

Wajua kwamba Kenya ya kikoloni ilikuwa na kifaa cha kunasia lugha? Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o anasimulia katika kitabu chake Decolonising the Mind, 1986, jinsi kitufe kilivyopitishwa kwa kila mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani. Jioni aliyebaki nacho alitaja aliyempa, naye wa kwake, hadi orodha ya wakosaji wa siku nzima ikamilike. Watoto walifunzwa Kiingereza na uchongezi kwa pamoja.

Wajua kwamba sekondari nyingi za Tanzania zina lugha mbili ndani ya kipindi kimoja? Ubaoni Kiingereza, mdomoni Kiswahili: "Sasa hii osmosis, maana yake nini? Maji yanahama." Hapo mikono inanyooka. Mtihani wa Kidato cha Nne wa somo hilohilo la baiolojia unakuja kwa Kiingereza kitupu.