Kompyuta ikisema imekosa mzizi, imekosa nini?

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alinijia ofisini akiwa na kipakatalishi kwapani na uso wa mtu aliyefiwa. "Mwalimu, tasnifu imeenda," akaniambia. Betri yake imechoka, na umeme ulipotea usiku akiandika. Asubuhi mashine hiyo, inayotumia Linux, ikakataa kuwaka. Ikasimama kwenye skrini nyeusi yenye neno "initramfs" katika mabano. Fundi mmoja mjini aliomba orodha ya faili, akaona saraka chache asizozijua, akakata kauli: "Hapa hakuna kitu, wacha tu niifomati." Kwa bahati, mwanafunzi hakuwa na pesa za kumlipa siku hiyo.

Nilimsihi asiguse chochote. Mimi si mjuzi wa kompyuta, ila nimewahi kutafsiri istilahi zake, na kazi hiyo hukulazimu kukielewa kitu kabla ya kukipa jina.

Katika mofolojia, mzizi ni sehemu ya neno inayobeba maana yake ya msingi na isiyoweza kugawanywa zaidi. Katika "wanapika", mzizi ni -pik-. Wa-, -na- na -a hupachikwa hapo. Linux nayo ina mzizi, unaoandikwa kwa mkwaju mmoja tu, na faili zote huning'inia kwake. Lakini angalia tofauti: sisi wanaisimu hupachika viambishi kwenye mzizi, ilhali kompyuta lazima kwanza iupachike mzizi wenyewe. (Nimewasikia wanafunzi wakisema "kupanda", eti kwa sababu kitenzi cha Kiingereza ni kile kile cha kupanda farasi. Hapana, jamani. Diski haipandi popote.)

Kuupachika kuna kitendawili chake. Ili kiini cha Linux kiisome diski, kinahitaji kiendeshi cha diski hiyo. Na kiendeshi chenyewe aghalabu kimehifadhiwa wapi? Kwenye diski iyo hiyo! Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Suluhisho ni mzizi wa muda. Ukiwasha mashine, programu ndogo ya kupakia, ikisaidiwa na maagizo ya msingi yaliyomo kwenye bodi, huleta vitu viwili kwenye kumbukumbu: kiini chenyewe na furushi la faili chache. Kiini hulifungua furushi hilo humo humo kwenye kumbukumbu, na kwa sekunde kadhaa huo ndio mzizi. Programu iliyomo, iitwayo init, hupakia viendeshi, huitafuta diski kwa utambulisho wake, huomba nywila ikiwa diski imefumbwa, huikagua, kisha huipachika kando. Mwanzoni huipachika kwa kusomwa tu, isije ikaandikwa ingali na hitilafu. Mambo yakiwa shwari, faili za muda hufutwa, diski huhamishiwa penye mkwaju, na init ya kweli huanza kazi ikirithi nambari ya mchakato 1. Ruhusa ya kuandika hufuata baadaye.

Sasa turudi kwenye ile skrini nyeusi. Neno lile katika mabano lilimaanisha kwamba mashine imekwama kwenye mzizi wa muda, kwa kuwa ule wa kweli umeshindwa kupachikwa. Faili alizoziona fundi hazikuwa za diski kamwe, zilikuwa za lile furushi. Alisimama barazani akatangaza kwamba nyumba haina watu, na alikuwa tayari kuibomoa.

Mwenzangu wa idara ya kompyuta alifika alasiri. Aliandika amri moja ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, akajibu "ndiyo" mara kadhaa, kisha akaiamuru mashine iendelee na safari yake. Ikawaka. Sura zote tano zilikuwemo, pamoja na mahojiano aliyorekodi nyanjani. Zilizopotea ni aya mbili za usiku ule.

"Hizo nitaziandika leo leo," mwanafunzi akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mwalimu, una flashi uniazime?"