Wadosi Hawatafuti Mjuaji: Rada ya Kuingia Pupileji Nai

Wasee wengi wa law hapa Nai wako na plan moja ya intavyu: kumeza. Wanameza Katiba ya 2010 kutoka Kifungu cha 1 hadi mwisho, wanameza Civil Procedure, wanameza majina ya majaji, alafu wanaingia kwa ofisi ya mdosi kutapika. Mdosi anawacheki tu. Hiyo yote ako nayo kwa simu, Kenya Law wameiweka mtandaoni bure. Chenye hana ni mtu wa kuachia faili Jumanne asubuhi akienda korti Milimani, na Jumatano asipigiwe simu na mteja akilia.

Kwa wenye bado wako kampo na hawajashika hii form: ukitoka chuo na digrii unaenda Kenya School of Law, Karen, unapiga mwaka 1 darasani na mapepa 9 za bar. Ukidhani umefika, kuna miezi 6 ya pupileji. Inabidi usake wakili mwenye amekuwa kwa game si chini ya miaka 5, ako na cheti ya kazi ya mwaka huo, na akubali kukubeba. Bila huyo msee, hakuna siku utasimama mbele ya Jaji Mkuu kuapishwa, hata kama bar uliipasua yote ya kwanza. Na shule haikutafutii. Unajitafutia.

Sasa mafirmu kubwa za Upper Hill na Westlands zinapata maombi kibao, kwa hivyo zinachuja. Kwanza makaratasi, alafu pepa ya kuandika, alafu paneli. Zile ndogo za mtaani, ile ya ghorofa ya pili juu ya kemisti, mara nyingi ni story tu na mdosi dakika kumi na tano. Usizidharau. Huko ndiko utagusa faili za ukweli wiki ya kwanza, wakati beshte yako wa Westlands bado anapiga fotokopi.

Makaratasi nitapita haraka ju hakuna siri. Sivii page mbili, barua page moja. Usitume barua moja kwa ofisi thelathini ukibadilisha jina juu, ju siku moja utasahau kubadilisha ile ya chini. Na kama partner mwenye anasoma ni mama, "Dear Sir" imekumaliza kabla hajafika kwa grade zako. Website yao iko, majina yako hapo. Soma.

Pepa ya kuandika ndiyo huchinja wasee. Unapewa story ya page mbili, masaa mawili, na kazi: andika barua ya madai, ama memo kwa mdosi. Story inakaa rahisi vibaya. Mama mboga wa Githurai aligongwa na lori, mguu ukavunjika, akapelekwa Kenyatta, ako na risiti zote, ako na abstract ya polisi, anataka kushtaki. Msee anashika kalamu anaanza: uzembe wa dereva, mwenye lori kubeba makosa ya mfanyakazi wake, Kilatini kidogo hapa na pale, page nne zimejaa na handwriting ya kupewa zawadi. Tarehe hajacheki. Ajali ilifanyika miaka 3 na miezi 2 iliyopita, na Limitation of Actions Act, Cap 22, inapea kesi ya aina hiyo miaka 3. Hiyo ndiyo ilikuwa pepa yote. Zingine zilikuwa za kukupoteza.

Kuna wadosi wakora zaidi. Tarehe wanaweka mwaka 1 na nusu, unashusha pumzi, unaona uko ndani. Alafu kwa mstari wa mwisho, katikati ya story ya risiti za dawa, wanataja plate ya lori inaanza na GK. Hiyo ni gari ya serikali. Hapo sheria imebadilika, sasa ni Public Authorities Limitation Act, Cap 39, na kushtaki serikali kwa mambo ya kuumizwa uko na mwaka 1 peke yake. Mkataba wa kawaida ni miaka 6, mkataba na serikali ni 3. Shamba ni 12. Mtu amekuharibia jina, mwaka 1. Kufutwa kazi vibaya, 3. Hizi namba andika kwa karatasi, bandika kwa mlango ya choo ya keja yako. Ni kitu moja ya zile chache naona ziko sawa kumezwa.

Na usiishie kwa "mama amechelewa, pole". Msee mchanuka anaandika vile mlango unaweza kufunguliwa: section 27 ya hiyo Cap 22 inaruhusu korti kuongezea mtu muda kama kuna mambo mazito kuhusu kesi yake hakuwa anayajua. Alafu anasema ukweli kwamba hapa ni ngumu. Mguu ukivunjika unajuanga siku hiyo hiyo. Mdosi akisoma hivyo anajua kwamba huyu mtoi hawezi kuandikia mteja ahadi hewa.

Memo yenyewe, jibu linaanza. Mdosi atasoma mstari wa kwanza akiwa kwa lifti, na wa pili labda asifike. "Kesi imepitwa na muda, lakini tunaweza kuomba korti ituongezee, nafasi ni ndogo." Kisha sababu. Shuleni tulifunzwa kupanda mlima kutoka chini, facts, swali, sheria, ndio jibu lije. Kwa ofisi hakuna mtu ako na hiyo time.

Kujipanga, hauhitaji kulipia kozi ya mtu wa Instagram. Ingia Kenya Law, chukua hukumu ya High Court yenye haujawahi kusikia, soma facts pekee, funga. Weka timer. Andika page moja: nani anataka nini kwa nani, tarehe gani, karatasi gani haiko. Ukimaliza fungua usome jaji alisema aje. Mara za kwanza utaona jaji alishika kitu ndogo yenye uliruka, labda barua yenye haikutumwa, labda sahihi ya mtu mwingine. Endelea tu. Baada ya muda jicho inaanza kusimama yenyewe kwa tarehe.

Firmu zingine, badala ya memo, zinakupea mkataba wa kusahihisha. Hapo sheria karibu haiko. Ni macho. Jina la kampuni liko na "Limited" page ya kwanza, page ya tano limeipoteza. Bei ni milioni 5 kwa maneno na milioni 50 kwa tarakimu. Clause ya 9 inakutuma clause ya 14, na mkataba unaishia 12. Soma mara mbili, ya pili ukianzia mwisho.

London huko wanachuja watu na kitu inaitwa Watson Glaser, test ya kufikiria yenye iko na sehemu 5: kukisia kutoka kwa facts, kushika dhana yenye imefichwa, kutoa hitimisho, kutafsiri, na kupima hoja. Uki-apply kwa firmu zenye zimeshikana na za ng'ambo, usishtuke ukiangukia kitu ya hiyo ukoo. Wasee wa law huchomeka hapa kwa sababu moja: wanaleta elimu yao. Test inataka utumie kile kimeandikwa hapo mbele yako, basi. Kama karatasi inasema samaki wote wa Kisumu ni wa bluu, leo ni wa bluu.

Ukipita hapo, ni paneli. Watu watatu, maji kwa glasi, AC kali. Watakuuliza ujielezee, na tafadhali usianzie kuzaliwa. Alafu wanakuja na swali la biashara, na hapa ndio unaona nani husoma magazeti na nani hu-scroll. Mfano mzuri ni Business Laws (Amendment) Act ya 2024. Inataka benki zipandishe mtaji kutoka bilioni 1 hadi bilioni 10, ikienda pole pole mpaka 2029. Msee wa kumeza atataja hiyo namba na kunyamaza. Lakini mdosi anataka usonge: benki ndogo zenye hazina hiyo doh zitafanya nini? Zitatafuta wawekezaji, ama ziuzwe, ama ziungane. Hapo kuna mtu wa kuchimba rekodi za kampuni, mtu wa kuandika mikataba ya hisa, mtu wa kupeleka maombi Central Bank na Competition Authority, mtu wa kujibu wafanyakazi wenye hawajui kama kesho wako na kazi. Yote hiyo ni kazi ya mawakili. Umeshaonyesha unaona faili kabla ifike kwa meza.

Na uwe up to date, maze. Finance Act ya 2023 ilitupwa na Court of Appeal Julai 2024, nchi ikapiga kelele. Oktoba hiyo hiyo ya 2024 Supreme Court ikageuza. Kuna mtu mahali bado anaenda intavyu na jibu la Julai.

Swali la maadili haliwezi kosa. Siku hizi linakuja hivi: mteja ameingia na mfuko ya doh kesh, anataka umshikie apartment Kileleshwa, haraka, na jina litakuwa la binamu yake. Unafanya nini? Ukisema "namkaribisha chai" umejichekesha. Sheria za pesa chafu zilibadilishwa, mawakili wakawekwa kwa orodha ya wenye lazima waripoti kazi kama za kununua nyumba na mashamba, na Februari 2024 Kenya ikawekwa kwa grey list ya FATF, wale wa kucheki pesa chafu kidunia. Jibu ni rahisi: sigusi hiyo doh, nauliza inatoka wapi na binamu ni nani, na naenda kwa mdosi kabla sijaahidi kitu. Hiyo sehemu ya kwenda kwa mdosi ndiyo wanangoja. Mtoi mwenye huficha tatizo ni hatari kushinda mwenye hajui sheria.

Vile vile, kitu yenye haujui, sema haujui, alafu sema ungeanzia wapi kutafuta. Paneli imekaa kwa game miaka mingi, inanusa fiksi ukiwa bado kwa mlango.

Twengi acha nyumbani. Kuna wasee wakivaa tai tu wanaanza kuongea kama wamelelewa Manchester, na walilelewa Umoja 2. Paneli inacheka kwa roho. Kimombo chako cha kawaida kiko fiti, bora sentensi ziishe. Na ujipange kwa Kiswahili pia, ju wadosi wajanja hugeuza katikati: haya, nieleze kesi ya huyu mama mboga vile ungemweleza yeye mwenyewe. Hapo watoi wa grade kali hukwama, wanabaki na "kuna ile limitation". Jaribu nyumbani na mathee wako. Mpee hiyo story ya lori, akuulize maswali. Akikuuliza "kwani mguu wangu umepona ju miaka imepita?" na uwe na jibu la heshima lenye si uongo, uko sawa kuliko page nne za Kilatini.

Luku sasa. Suti haitaki doh mob. Toi na Gikomba ziko na suti za mtumba zenye zikipitia kwa fundi zinakaa ni kama ulipimwa. Lipa fundi kuliko kulipia label, ju bega ikianguka hakuna label itakuokoa. Nyeusi, navy, ama grey. Njumu zipigwe rangi, na kama kumenyesha beba zile zingine kwa bag ubadilishe kwa stage, Upper Hill ina matope yake. Braids na dredi zikiwa safi hazina noma, na ofisi yenye inaona noma hapo ni afadhali ujue mapema. Intavyu ya mtandaoni, jaza bundles na uwe na simu ya pili imecharge, ju KPLC hawajui una intavyu.

Mwisho watakuuliza kama uko na swali. Uliza ya doh. Wasee huogopa, wanaona watakaa na njaa. Lakini ofisi mob hazilipi watoi wa pupileji kitu, ama zinatoa kakitu kenye hakafikishi fare ya mwezi, na hiyo inamaanisha mtoi wa Runda anaweza fanya miezi 6 bure na wa Dandora hawezi. Mimi naona hiyo ni aibu ya hii kazi, tena kazi yenye inapenda kutaja Katiba kila sentensi ya pili. Uliza kwa heshima: kuna malipo, na fare ya kutumwa korti inatoka kwa nani? Wakikubali, omba iandikwe kwa barua.

Kabla useme ndio, ingia kwa search ya Law Society of Kenya, andika jina la huyo mdosi atakuwa anakusimamia. Cheki kama ako active na cheti ya mwaka huu imetoka, na uhesabu kama miaka 5 imefika. Wadosi wengine wako bize hadi wanasahau kulipia, na miezi yenye utakuwa umepiga chini ya mtu hana cheti ni ngori yako, si yake.