Mhubiri, Soma Sura Nzima

Mstari unaopendwa sana kwenye mikesha ya mwaka mpya ni Yeremia 29:11, ule ambao Mungu anawaambia watu wake kwamba anawawazia mema na kuwapa tumaini. Mhubiri anayeanza huuchukua peke yake, akauwekea kichwa kizito, kisha akawatangazia waumini kwamba mwaka huu milango itafunguka. Tuusome vizuri mstari huo, kwa kuwa unafundisha kazi ya kuandaa mahubiri karibu yote.

Sura ya 29 ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo, pamoja na mfalme Yekonia na mafundi wake. Anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, tena wauombee mji huo wa ugenini. Mstari wa 10 unataja muda: miaka 70. Wengi waliosomewa barua hiyo wangezikwa Babeli. Ahadi ya mstari wa 11 inawafikia wakiwa katika hali hiyo.

Sasa rudi sura moja nyuma. Nabii Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka 2 mateka wote watarudi. Yeremia alimwambia wazi kwamba Mungu hakumtuma, na Hanania akafa mwaka uleule. Barua nayo, katika mstari wa 8 na wa 9, inawaonya mateka wasidanganywe na manabii wa namna hiyo. Basi anayetumia mstari wa 11 kuahidi mafanikio ya haraka anahubiri ujumbe wa Hanania kwa maneno ya Yeremia. Madhara yake si madogo. Ikifika Machi na mlango haujafunguka, mama aliyeamini anaanza kujilaumu kwamba imani yake ni haba.

Haddon Robinson, mwalimu wa wahubiri kutoka Marekani, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1980 kwamba kila andiko liulizwe maswali mawili: linazungumzia nini, na linasema nini juu ya jambo hilo? Majibu yakiunganishwa yanazaa sentensi moja ya kubeba mahubiri yote. Kwa barua hii ningeandika hivi: Mungu hajawasahau walio mbali na kwao, kwa hiyo waishi kwa uaminifu hapo walipo mpaka wakati wake utimie. Hadithi au mstari mwingine wowote usioisaidia sentensi hiyo uondoke, hata kama unapendeza. Hapa ndipo wanafunzi wengi huumia, na hapa ndipo mahubiri huanza kueleweka.

Baada ya hapo wafikirie watu watakaokaa mbele yako. Yuko muuguzi aliyepangiwa kazi mkoa asioujua. Yuko kijana aliyekuja Dar es Salaam kutafuta maisha, akakwama kwenye chumba cha kupanga. Na ukihubiri Nyarugusu, kambi ya Kigoma iliyopokea wakimbizi wa Kongo tangu 1996, mbele yako kuna wazee wanaoijua barua ya Yeremia kuliko mwandishi yeyote wa vitabu vya ufafanuzi. Waambie kujenga na kupanda kunamaanisha nini kwao wiki hii, kwa mambo wanayoweza kuyafanya.

Kuhusu kusimama mimbarini, nina machache. Andiko lisomwe polepole, kwa sauti uliyoifanyia mazoezi. Dakika 20 zilizoandaliwa zinatosha. Usiwadai waumini “Amina” kila wazo linapokupotea. Nyamaza kidogo, angalia sentensi yako, endelea.

Ukipangiwa zamu Jumapili ijayo, anza Jumatatu. Soma sura nzima katika tafsiri ya Union Version, kisha katika ile ya Habari Njema, uirudie mpaka uweze kuisimulia bila kitabu. Mahubiri ya wengine yaliyomo kwenye simu yako yasubiri hadi Alhamisi.