JIKO LA MAKAA SI BLANKETI

Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari. Nimeshika kalamu niwaeleze kuhusu adui anayeingia nyumbani bila kubisha hodi. Adui huyo ni hewa itokayo katika jiko la makaa.

Sisi tunaoishi sehemu za juu twaijua baridi ya mwezi wa Julai. Uwe Limuru, Kinangop, Molo au Nyahururu, jioni ikifika kila mtu hutafuta joto. Jiko likishaivisha ugali, hubaki na makaa mekundu. Nani atayamwaga nje na pesa zimetumika kuyanunua? Basi jiko huingizwa chumba cha kulala, dirisha likafungwa na gunia likawekwa chini ya mlango.

Hata kwetu ilikuwa vivyo hivyo, mpaka Julai mwaka jana. Usiku mmoja nilikuwa nikidurusu, mama na mdogo wangu wamelala. Mara mdogo wangu akaamka, akatapika. Mama akasema ni maharagwe. Haukupita muda kichwa changu nacho kikaanza kugonga, nikadhani ni kusoma sana. Nikatoka kwenda msalani. Huko nje, na baridi yote ile, kichwa kikatulia. Niliporudi ndani kikaanza tena. Hapo nikakumbuka somo la kemia la Kidato cha Pili.

"Mama, amka! Ni jiko!" nilipiga kelele huku nikifungua mlango. Alijaribu kusimama, miguu ikamlegea. Nilimvuta hadi nje, nikarudi kumbeba mdogo wangu. Jirani alitupeleka hospitalini, tukawekewa oksijeni. Tulipona, lakini si wote hupata bahati hiyo.

Je, ni nini kilichotendeka? Makaa ni kaboni. Yakipata hewa ya kutosha, hutoa kaboni dioksaidi. Hewa ikiwa haba, hutoa pia kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ukiivuta, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi oksijeni ya kutosha. Ubongo na moyo vinaumia. Mtu husikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, kisha usingizi mzito. Aliyelala tayari huenda asiamke kamwe.

Watu wengi hudhani kwamba moshi ukiisha, hatari imeisha. La hasha! Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotudanganya. Wengine huweka sufuria ya maji karibu na jiko ati yanyonye sumu. Hewa hii haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hivyo maji hayo hayasaidii kitu. Wengine humpa mgonjwa maziwa. Maziwa huenda tumboni, na sumu iko katika damu. Tena, kulala juu kitandani au chini sakafuni ni mamoja, kwani hewa hiyo huenea chumba kizima.

Wenye hita kuukuu ya gesi nao wasicheke. Gesi ya mtungi hutiwa harufu ili ikivuja tujue, lakini kaboni monoksaidi itokayo kwa moto wake hainuki. Moto mzuri wa gesi ni wa buluu. Ukiona umegeuka wa manjano na unaacha masizi, zima, ufungue madirisha, na umwite fundi. Mpira wa gesi ukaguliwe kwa povu la sabuni. Usithubutu kuwasha kiberiti. Hita hiyo pia izimwe kabla ya kulala.

Basi tufanyeje? Kwanza, jiko liwashwe nje na libaki nje. Likilazimika kupikia ndani, mlango na dirisha viwe wazi, na likishapika litolewe. Pili, usilale kamwe na jiko chumbani, hata kama makaa yanaonekana kufa. Tatu, watu kadhaa wakiumwa na kichwa pamoja, na wakipata nafuu wakitoka nje, jueni ni hewa. Tokeni nyote, kisha mwende hospitalini upesi.

Najua mtu atasema, "Wewe waongea tu, na baridi je?" Hata mimi nasikia baridi. Siku hizi sisi watatu twalala kitanda kimoja, soksi miguuni, na maji ya moto ndani ya chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Jiko hulala nje peke yake. Kila usiku mama huniuliza, "Umelitoa?" Nami hujibu, "Nimelitoa, mama." Ndipo taa huzimwa.

Mwenzangu, leo usiku kabla ya kulala, uliza swali hilo nyumbani kwenu.